Kura ya Maoni ya Uhuru na Hesabu za Uchumi Zinazoifuata: Mafunzo ya Afrika Mashariki kwa Wananchi wa Mpakani

Mpaka wa Tanzania na Kenya unaopita kaskazini mwa Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, haukuchorwa kwa kura. Ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 na 1890, yaliyoukata mstari kutoka mdomo wa Mto Umba pwani hadi Ziwa Victoria bila kuwauliza Wamaasai, ambao mifugo yao ilikuwa ikilisha pande zote mbili. Kwa wananchi wa kata ya Arash na kata jirani, ambako ufugaji ni mhimili wa maisha, uzito wa mstari huo umetofautiana kwa nyakati. Ipo miaka ambayo mfugaji aliuvuka kwa ajili ya malisho, mnada au ndugu bila shida kubwa, na ipo miaka ambayo ulifungwa kwa amri ya serikali.

Kwa sababu hiyo, mjadala kuhusu kura za maoni za uhuru, ambao husikika kana kwamba ni wa wanasheria na wanasiasa wa miji mikuu, unawahusu wananchi wa mpakani kuliko inavyodhaniwa. Kila kura ya aina hiyo inapofanikiwa, huzaliwa mpaka mpya wa kimataifa. Historia ya Afrika Mashariki na nchi jirani inaonesha kuwa karatasi ya kura hujibu swali moja tu, la kuungana au kujitenga, na kwamba maswali ya sarafu, deni, bandari, bomba na malisho hujibiwa nje ya sanduku la kura. Yakijibiwa mapema, wananchi hulipa kidogo. Yakiachwa, hulipa sana.

Maana ya kura ya maoni ya uhuru

Kura ya maoni ni utaratibu wa kisheria unaowapa wananchi nafasi ya kuamua jambo moja mahsusi moja kwa moja, badala ya kuliamua kupitia wawakilishi wao. Hapa nchini utaratibu huo ulitumika Zanzibar tarehe 31 Julai, 2010, ambapo asilimia 66.4 ya waliopiga kura waliunga mkono kuundwa kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kura hiyo ilihusu muundo wa serikali, haikuhusu uhuru wala mipaka.

Kura ya maoni ya uhuru ni ya aina nyingine. Huwauliza wakazi wa eneo fulani iwapo eneo hilo liwe nchi kamili. Barani Afrika kura za namna hiyo ni chache. Mwezi Julai 1964, wakuu wa nchi wanachama wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliokutana Cairo waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati nchi zao zilipopata uhuru. Waliona kuwa kuifungua upya mipaka hiyo kungezaa migogoro isiyo na mwisho, kwa kuwa karibu kila nchi ya Afrika ina jamii zilizogawanywa na ramani ya kikoloni.

Tanganyika yenyewe haikupata uhuru kwa kura ya maoni. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na ilifikia uhuru wa tarehe 9 Desemba, 1961 kwa njia ya chaguzi na mazungumzo. Jambo linalosahaulika mara kwa mara ni kwamba uhuru huo haukuvunja huduma za kiuchumi zilizokuwa zikitumiwa kwa pamoja na Kenya na Uganda. Reli, posta na forodha ziliendelea kuendeshwa chini ya Shirika la Huduma za Pamoja la Afrika Mashariki, na shilingi iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliendelea kutumika. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa rasmi tarehe 14 Juni, 1966, takriban miaka minne na nusu baada ya bendera ya mkoloni kushushwa. Bendera ilibadilika kwa usiku mmoja, lakini fedha mfukoni mwa mwananchi ilibadilishwa kwa hatua.

Hoja za pande mbili

Katika mijadala ya kura za uhuru, hoja za kiuchumi za pande zote mbili hufanana popote duniani. Wanaotaka kujitenga hudai kwamba rasilimali za eneo lao huwanufaisha wengine, kwamba makao makuu ya serikali yako mbali na mahitaji yao, na kwamba nchi mpya itapanga kodi na bajeti kulingana na hali yake. Wanaotaka kubaki hujibu kwamba soko dogo huongeza gharama, kwamba nchi mpya hukopa kwa riba kubwa zaidi, na kwamba ushuru na ukaguzi wa mpakani hupunguza biashara kati ya watu waliokuwa wakiuziana bila kizuizi.

Hoja hizo zote huweza kuwa na ukweli. Linalotofautisha mjadala wenye manufaa ni iwapo wapiga kura wanaelezwa mgawanyo wa mali na madeni kabla ya siku ya kura. Mfano ni Scotland, iliyopiga kura tarehe 18 Septemba, 2014. Mwezi Januari mwaka huo Hazina ya Uingereza ilitangaza kuwa italipa madeni yote yaliyokwisha kukopwa na serikali, vyovyote kura itakavyokuwa. Mwezi Februari ikatangaza kuwa haitakubali kutumia pauni kwa ubia na Scotland iliyo huru. Swali la sarafu likawa kiini cha kampeni, na asilimia 55.3 ya wapiga kura wakachagua kubaki. Mtu anaweza kukubaliana nao au kutokubaliana nao, lakini walipiga kura wakijua yaliyokuwa mezani.

Sudan Kusini: kura iliyofaulu, hesabu zilizochelewa

Mfano ulio karibu zaidi na Watanzania ni wa Sudan Kusini, ambayo leo ni mwanachama mwenzao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa amani uliosainiwa Nairobi tarehe 9 Januari, 2005 ulimaliza vita vya zaidi ya miaka 20 na kuwapa wananchi wa kusini haki ya kuamua mustakabali wao baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita. Kura ilipigwa kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari, 2011. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, karatasi ilikuwa na picha mbili: mikono miwili iliyoshikana kwa ajili ya umoja, na mkono mmoja ulioinuliwa kwa ajili ya kujitenga.

Tanzania ilikuwa na nafasi ya pekee katika tukio hilo. Rais Mstaafu wa Awamu ya Tatu, Hayati Benjamin William Mkapa, aliongoza jopo la watu watatu lililoteuliwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, kufuatilia mwenendo wa kura hiyo. Upigaji kura ulifanyika kwa utulivu kuliko ilivyohofiwa, na asilimia 98.83 walichagua kujitenga. Tarehe 9 Julai, 2011 Jamhuri ya Sudan Kusini ikatangazwa.

Hata hivyo, siku bendera ilipopandishwa, mambo makubwa ya kiuchumi yalikuwa bado hayajakubaliwa. Kusini iliondoka na takriban robo tatu ya uzalishaji wa mafuta wa Sudan ya zamani, lakini bomba la kuyasafirisha, mitambo ya kuyasafisha na bandari ya kuyapakia, Port Sudan kwenye Bahari ya Shamu, vilibaki kaskazini. Serikali ya Juba ilitegemea mafuta kwa takriban asilimia 98 ya mapato yake. Serikali ya Khartoum nayo ilikuwa imepoteza chanzo chake kikuu cha fedha za kigeni. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuweza kuishi bila hicho, na bei ya kukitumia haikuwa imeandikwa popote.

Matokeo yake yalikuja haraka. Khartoum ilidai ada ya zaidi ya dola 30 za Marekani kwa kila pipa, wakati Juba ilikuwa tayari kulipa kiasi kidogo mno. Juba ilipoishutumu Khartoum kwa kuchukua mafuta yake bila ridhaa, iliamua mwezi Januari 2012 kuzima visima vyake vyote, vilivyokuwa vikitoa takriban mapipa 350,000 kwa siku. Mwezi Aprili mwaka huo majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana katika eneo la mafuta la Heglig. Makubaliano yalipatikana Addis Ababa tarehe 27 Septemba, 2012: pamoja na ada za usafirishaji, Juba ingelipa dola 15 kwa kila pipa hadi zitimie dola bilioni 3.028, ikiwa ni kifuta jasho cha mapato ambayo Khartoum iliyapoteza. Mafuta yalianza kutiririka tena mwezi Aprili 2013. Nchi iliyokuwa haijafikisha miaka miwili ilikuwa imeishi zaidi ya mwaka mmoja bila karibu mapato yake yote.

Sarafu nayo iligeuka uwanja wa mvutano. Sudan Kusini ilitoa pauni yake tarehe 18 Julai, 2011, na siku chache baadaye Sudan ikatoa noti mpya za kwake. Noti za zamani zilizokuwa zimebaki mikononi mwa watu wa kusini zikapoteza thamani. Kuhusu deni la nje, ambalo lilikuwa takriban dola bilioni 40, ilikubaliwa kuwa Sudan ilibebe lote kwa sharti kwamba jumuiya ya kimataifa ingelipunguza.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka Juba mwezi Desemba 2013 viliongeza uzito wa matatizo hayo. Mwezi Desemba 2015 serikali iliacha kiwango rasmi cha kubadilishia fedha cha takriban pauni 3 kwa dola, na thamani ikaporomoka mara moja hadi zaidi ya pauni 18. Katika mwaka 2016 mfumuko wa bei ulivuka asilimia 800. Kwa mama aliyekuwa akinunua unga sokoni, tarakimu hiyo ilikuwa na maana kwamba fedha iliyotosha chakula cha wiki haikutosha tena mlo wa siku moja.

Kaskazini hakukusalimika. Kuondolewa kwa ruzuku ya mafuta kulizaa maandamano mwezi Septemba 2013, na kupanda kwa bei ya mkate kuliwasha maandamano ya Desemba 2018 yaliyofuatiwa na kuondolewa madarakani kwa Rais Omar al-Bashir mwezi Aprili 2019. Vita vilipozuka Khartoum mwezi Aprili 2023, utegemezi wa bomba moja ulijidhihirisha upya: mapema mwaka 2024 bomba hilo lilipasuka katika eneo la mapigano, na sehemu kubwa ya mauzo ya mafuta ya Sudan Kusini ikasimama. Miaka 13 baada ya kura, hesabu za bomba zilikuwa bado hazijafungwa.

Abyei: mfugaji ni mkazi wa wapi?

Kwa wananchi wa maeneo ya wafugaji kama Arash, sehemu yenye fundisho kubwa zaidi katika mkasa wa Sudan ni eneo la Abyei, lililo mpakani mwa kaskazini na kusini. Mkataba wa amani uliahidi kuwa wakazi wa Abyei wangepiga kura yao wenyewe mwezi Januari 2011, kuamua iwapo wabaki kaskazini au wajiunge na kusini. Kura hiyo haikufanyika.

Kilichoikwamisha ni swali la nani ni mkazi. Jamii ya Wadinka wa Ngok inaishi Abyei mwaka mzima. Jamii ya Wamisseriya huingia katika eneo hilo kila kiangazi na ng'ombe wake kutafuta maji na malisho kandokando ya mto, kisha hurejea kaskazini mvua zinapoanza. Khartoum ilitaka Wamisseriya wahesabiwe kuwa wapiga kura, Juba ilipinga. Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi iliyopo The Hague, Uholanzi, ilitoa uamuzi kuhusu mipaka ya Abyei mwezi Julai 2009, na ilisisitiza kuwa kubadilika kwa mpaka hakufuti haki za kimila za malisho. Uamuzi huo ulilinda haki ya mfugaji kupita, lakini haukusema iwapo mtu anayepita ana haki ya kupiga kura. Mwezi Oktoba 2013 Wadinka wa Ngok waliendesha kura yao wenyewe, na takriban wote waliunga mkono kujiunga na Sudan Kusini. Hakuna serikali yoyote kati ya hizo mbili iliyoitambua.

Daftari la wapiga kura humtambua mtu kwa mahali anapoishi. Maisha ya ufugaji hufuata majira. Pale ambapo mambo hayo mawili hayajapatanishwa kisheria kabla ya kura, mfugaji hujikuta akihesabiwa mgeni katika ardhi ambayo babu zake waliinywesha mifugo yao.

Guinea, Komoro na Eritrea

Mifano mingine inathibitisha fundisho hilo. Guinea ilipigia kura katiba ya Ufaransa tarehe 28 Septemba, 1958, na zaidi ya asilimia 95 waliikataa. Tarehe 2 Oktoba ikawa huru. Ufaransa iliwaondoa maafisa na wataalamu wake kwa haraka na kusitisha misaada. Mwaka 1960 Guinea ilianzisha sarafu yake na kutoka katika ukanda wa faranga. Uhuru ulikuwa kamili, lakini serikali changa ilianza kazi bila watumishi na bila muda wa maandalizi.

Katika visiwa vya Komoro, kura ya tarehe 22 Desemba, 1974 ilileta jibu lililogawanyika. Visiwa vya Ngazija, Nzwani na Mwali vilichagua uhuru, wakati wengi wa wapiga kura wa Mayotte walichagua kubaki na Ufaransa. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai, 1975 ikidai kisiwa hicho ni sehemu yake, nayo Ufaransa ikaendelea kukishikilia na kukifanya mkoa wake kamili mwaka 2011. Tangu Ufaransa ilipoanza kudai viza mwaka 1995, wananchi wa Nzwani wanaotafuta hospitali, kazi au ndugu zao Mayotte huvuka usiku kwa mashua ndogo, na wengi wamepoteza maisha baharini.

Eritrea nayo ilipiga kura kuanzia tarehe 23 hadi 25 Aprili, 1993, na asilimia 99.8 waliunga mkono uhuru. Ethiopia iliridhia, na kwa miaka minne nchi hizo mbili zilitumia sarafu moja, birr, huku Ethiopia ikiendelea kutumia bandari ya Assab. Eritrea ilipoanzisha nakfa mwezi Novemba 1997, pande hizo hazikuelewana kuhusu namna ya kulipana. Ethiopia ilitaka biashara ifanyike kwa fedha za kigeni, na biashara ya mpakani ikadorora. Mwezi Mei 1998 vita vya mpaka vikazuka. Ethiopia ikahamishia mizigo yake Djibouti, na Assab ikabaki bila shehena.

Fundisho la nyumbani: mwaka 1977

Afrika Mashariki haihitaji kutazama mbali ili kujua gharama za kutengana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967, iliyokuwa na makao yake makuu Arusha, haikuwa nchi moja, na kuvunjika kwake hakukupigiwa kura. Hata hivyo, ilikuwa na mali za pamoja: reli, bandari, posta na shirika la ndege. Ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ililazimika kuunda mashirika yake, na kwa upande wa Tanzania yakazaliwa Shirika la Ndege na Shirika la Reli mwaka huohuo.

Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Watalii waliokuwa wakifika Serengeti na Ngorongoro kwa magari kutoka Nairobi wakakatika, na kivuko cha Bologonja kati ya Maasai Mara na Serengeti kikafungwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983, karibu miaka saba baadaye. Mgawanyo wa mali na madeni uliosuluhishwa na Dkt. Victor Umbricht wa Uswisi ulisainiwa Arusha tarehe 14 Mei, 1984. Kenya ilipangiwa asilimia 42, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26.

Jumuiya ya sasa iliundwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba, 1999, na ndani yake umewekwa utaratibu wa nchi kujitoa pamoja na wajibu wa kifedha unaobaki juu yake. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai, 2010, na Kituo cha Pamoja cha Forodha cha Namanga kimeunganisha ukaguzi wa nchi mbili mahali pamoja. Sudan Kusini ilisaini mkataba wa kujiunga mjini Dar es Salaam tarehe 15 Aprili, 2016. Nchi iliyopiga kura ya kutoka katika dola moja ilichagua, ndani ya miaka mitano, kuingia katika soko moja.

Maswali ya msingi kwa mwananchi

Mwananchi anayefuatilia mjadala wa kura ya uhuru, popote unapofanyika, anaweza kuupima kwa maswali yafuatayo:

1. Sarafu: Siku ya kwanza ya uhuru itatumika fedha gani, na noti za zamani zitabadilishwa kwa muda gani na kwa kiwango gani?

2. Deni: Nani atalipa mikopo iliyokopwa kwa jina la nchi nzima, na kwa uwiano upi?

3. Miundombinu: Bomba, reli, bandari na umeme vitabaki upande upi, na ada ya kuvitumia imeandikwa wapi?

4. Mpaka: Mstari umewekewa alama ardhini au uko kwenye ramani tu?

5. Watu na mifugo: Wafugaji, wafanyabiashara wadogo na familia za pande mbili watavuka kwa kibali gani?

6. Usuluhishi: Pande zikikosana, chombo gani kitaamua, na uamuzi wake utatekelezwa na nani?

Pale ambapo maswali hayo yamejibiwa kwa maandishi kabla ya kura, matokeo huheshimiwa kwa urahisi zaidi, yawe ya kuungana au kutengana. Yakiachwa wazi, majibu hutafutwa visimani, sokoni na mpakani baada ya matokeo kutangazwa, na anayeanza kuulizwa ni mwananchi aliye karibu zaidi na mpaka, akiwa na ng'ombe wake na kiangazi kikiwa kimekwisha kuingia.